"Restock" si kuagiza: kwa wadogo zangu mliokabidhiwa funguo za stoo

Juzi hapa dukani Sinza, kijana mpya amesoma ujumbe wa meneja, "Restock the front shelves", yaani jaza tena shelfu za mbele, akashika simu kumpigia wakala wa Kariakoo. Nikamnyang'anya simu. Dawa za meno alizotaka kuagiza zimejaa stoo, hatua 12 kutoka aliposimama! Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tulimalize leo.

1. Tazameni neno linalofuata kitenzi. Mara nyingi Waingereza huweka hapo mahali panapojazwa. "Restock the shelves" kwa kawaida ni kutoa mzigo stoo na kuupanga mbele. "Restock the warehouse", yaani ghala, mzigo unatoka nje, na hapo ndipo oda inaandikwa. Kitenzi ni kilekile, ila hakisemi mzigo unatoka wapi. Uliza.

2. Mimi sikuuliza. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye minimaketi moja, meneja aliniandikia Ijumaa jioni: "Restock the milk fridge before tomorrow," yaani jaza friji ya maziwa kabla ya kesho. Nilijua "stock" ni mzigo, "re" ni tena, nikajumlisha, leta mzigo tena. Nikaagiza kreti 20 za maziwa freshi. Alfajiri gari likashusha, nikasaini. Kufungua chumba cha baridi, nakuta kreti 18 zilizoingia Alhamisi, hazijaguswa. Friji iliyokuwa tupu ni ya mbele, ile aliyopita akaiona meneja. Wakala akagoma: maziwa yakishashuka hayapandi tena. Tukabananisha kreti mpaka mlango ukawa haufungi vizuri, na joto la Februari la Dar mnalijua. Jumanne pakiti zikaanza kuvimba. Tuliyamwaga kwenye karo la nyuma, mimi na mama wa usafi, pakiti moja moja. Mama yule alikuwa na wajukuu wadogo nyumbani. Hakusema neno, alikuwa anakata na kumwaga tu. Mshahara wangu ulikatwa miezi mitatu na makato yakaisha, lakini ukimya wa mama yule ninao mpaka leo.

3. Bidhaa inayoisha muda mapema ikae mbele.

4. Hesabu stoo kabla ya kuandika oda.

5. Msichanganye "restock" na majirani zake. "Reorder" ndiyo kuagiza tena. "Refill" ni kujaza chombo, kama chupa au mtungi wa gesi. "Replenish" ni la kirasmi, na linafaa hata kwa maji ya mwilini, mahali ambapo "restock" haliingii. Lakini kwenye mifugo "restock" linaingia vizuri: baada ya ukame wa 2009 kuua ng'ombe Longido na Monduli, Serikali iliwagawia wafugaji ng'ombe wengine, na hiyo kwa Kiingereza ni "restocking". Nikasema moyoni, kumbe hata boma lina shelfu zake. Na "restocked" hutamkwa "ristokt", tafadhali, si "ristoked".

6. Mkiona "restocking fee" kwenye ankara ya nje, ni makato anayotozwa mteja akirudisha bidhaa. Someni kabla ya kulipa.

Kijana wa juzi amenitumia picha asubuhi hii. Shelfu imejaa, imenyooka, na chini ameandika, "Nimerestock, kaka." Nimeikuza picha: dawa za meno za tarehe ya mbali ndizo zimekaa mbele. Nampigia sasa hivi.