Chenji ya kuuzia vyombo nyumbani

Dada, kwa chenji ya Jumamosi usihangaike na wakala, naye anaililia hiyo hiyo. Nenda Ijumaa jioni kwa makonda wa daladala pale Sabasaba. Wakishafunga hesabu sarafu zinawaelemea, ukiwapa noti nzima wanafurahi. Mama ntilie pia, ila kula kwanza ndipo uombe!

Elfu 30 inatosha: noti 15 za 1,000, tano za 2,000, na sarafu kumi za 500. Sarafu za 50 na 100 achana nazo, panga bei ziishie kwenye 500 au 1,000. Mteja wa kwanza lazima aje na elfu 10 nzima kununua sufuria ya elfu 3. Na hela funga kibindoni, usiache mezani.