Kabla hujaandika "sheria hii ifutwe": kwa mnaoanza uchambuzi wa sera

Wadogo zangu, mfano ninaopenda kuwapa wageni kwenye kazi hii hautoki kwetu. Unatoka Maryland, Marekani, na unahusu maganda ya risasi.

Mwaka 2000, wakati wa Gavana Parris Glendening, jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba kila bastola mpya inayouzwa humo ije na ganda la risasi iliyofyatuliwa nayo kiwandani. Ganda liende polisi, lipigwe picha, picha iingie kwenye kanzidata. Wazo halikuwa la kijinga. Bastola inapofyatuliwa, kile kichuma kinachogonga kitako cha risasi huacha alama. Ganda likiokotwa penye mauaji, kompyuta ilinganishe, bastola ijulikane, na kutoka hapo mnunuzi atafutwe. Watetezi wa sheria hiyo walizifananisha alama hizo na alama za vidole.

Muswada wa namna hii ukiletwa mezani, wengi wenu mtakimbilia ukurasa wa gharama. Subirini kidogo. Lifuateni ganda lenyewe kutoka kiwandani mpaka mahakamani, na kila kituo mjiulize nini kinaweza kulipoteza. Rivolva haitupi ganda chini, kwa hiyo penye tukio hamna cha kuokota. Bastola iliyonunuliwa jimbo jirani haimo kwenye kanzidata. Iliyoibiwa itawapeleka kwa mwenye mali aliyeibiwa. Na mhalifu hana sababu ya kutumia risasi za kampuni ileile iliyotumika kiwandani.

Hapo kwenye risasi ndipo penye kiini. California walilijaribu jambo hili kabla ya kutunga sheria, kwa bastola karibu 800 za aina moja. Ripoti ya mwaka 2001 ilionyesha kuwa ganda la kampuni tofauti likiingizwa, zaidi ya nusu ya mara bastola sahihi haikutokea hata kwenye 15 za juu ambazo kompyuta ilizipendekeza. Sasa fikirini: hizo ni silaha mia kadhaa tu. Mkiongeza laki, zinazofanana zinazidi kubanana, na mtaalamu anabaki na orodha ndefu ya kukagua kwa hadubini. Kwa hiyo kanzidata ya Maryland ilikuwa inadhoofika kadiri inavyokua. Mimi nikiona mfumo wenye tabia hiyo, sihitaji kusoma mengi zaidi.

Maryland polisi wenyewe walishauri mwaka 2004 kwamba mpango usitishwe. Sheria haikuguswa. Mwaka 2007 wakaacha kupiga picha, lakini viwanda viliendelea kuleta maganda kwa sababu sheria iliwataka. Yakarundikana kwenye bahasha, zaidi ya 300,000, ndani ya handaki la kujikinga na mabomu chini ya makao makuu ya polisi wa jimbo, Pikesville. Kwa miaka minane watu walipokea kitu ambacho hakuna aliyekitazama! Mkienda kukagua mradi wowote, ombeni kuonyeshwa stoo kabla ya kuonyeshwa slaidi.

Halafu neno "mafanikio". Polisi walihesabu mara 26 ambazo mpango ulisaidia kwa namna fulani. Ukiishia hapo utaandika kwamba haukuwa bure. Lakini katika kila moja ya hizo, wapelelezi walikuwa tayari wanajua ni bunduki gani wanayoitafuta. Swali la kuuliza ni kipi kisingejulikana bila sheria hii. Jibu likiwa "hakuna", ndipo dola milioni 5 hivi zilizotumika kwa miaka 15 zinapata maana yake. Bunge la jimbo liliifuta, na ufutaji ukaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015. New York, waliokuwa na mpango kama huo, walikwishaufunga mwaka 2012.

Msiruke sasa kwenda upande wa pili mkasema teknolojia nzima ni upuuzi. Mtandao wa NIBIN wa serikali kuu ya Marekani unatumia ulinganishaji huohuo, ila unaingiza zaidi maganda ya kwenye matukio na ya silaha zilizokamatwa, na polisi huutumia kuunganisha tukio moja na lingine. Ukiandika "ifutwe", eleza kipi kifutwe na kipi kibaki, maana wapinzani wa kila aina ya udhibiti wa silaha wataichukua ripoti yako na kuipeleka wasikoruhusiwa na ushahidi wako.

La mwisho ni la kiufundi, na ndilo vijana husahau: kifungu cha ufutaji kiseme mabaki yaende wapi. Maryland waliruhusu maganda yauzwe kama chuma chakavu. Kanada, walipofuta usajili wa bunduki ndefu mwaka 2012, waliamuru kumbukumbu ziteketezwe. Jimbo la Quebec wakazitaka kumbukumbu za kwao, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 2015 wakashindwa kwa kura za majaji tano dhidi ya nne.