Mlango ni mmoja, na tunaugombea na wadogo wenzetu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: timu ya chuo ya mji unaoishi ina nafasi gani ya kuingia kwenye mtoano uliopanuliwa wa futiboli ya Kimarekani, ule wa timu 12? Mimi naishi Boise, jimbo la Idaho. Nilifika hapa 2013 na wanangu watatu, tukitokea kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na kabla ya hapo Uvira. Timu yangu ni Boise State. Jibu langu ni kwamba nafasi ipo, tena kubwa kuliko inavyosemwa, ila watu wanaitafuta mahali pasipo. Jumapili baada ya ibada nawasikia vijana wetu wakiilinganisha Boise State na Ohio State, Georgia, Oregon. Anayetuzuia si hao. Anayetuzuia ni bingwa wa ligi nyingine ndogo kama yetu, timu ambayo pengine hatutakutana nayo uwanjani mwaka mzima.

Kwa aliyezoea soka, nieleze kidogo. Daraja la juu la futiboli ya vyuo lina timu zaidi ya 130, na kila moja inacheza mechi kama 12 tu kabla ya fainali za ligi. Haziwezi kukutana zote. Kwa hiyo kuna kamati ya watu 13 inayokaa, inatazama nani kamshinda nani, halafu inapanga orodha ya timu 25. Mtoano ulipoanza msimu wa 2014 ulichukua timu nne tu, na katika misimu kumi ni timu moja pekee ya ligi ndogo iliyoingia: Cincinnati, 2021. Kuanzia 2024 nafasi zikawa 12, na tano kati ya hizo wakatengewa mabingwa wa ligi waliopangwa juu zaidi kwenye orodha. Ligi kubwa ni nne, yaani SEC, Big Ten, Big 12 na ACC. Basi pigeni hesabu: nafasi saba zilizobaki karibu zote zinaishia kwa wakubwa, na mabingwa wa ligi ndogo zote kwa kawaida wanabakiwa na mlango mmoja.

Wapo wanaoudharau mlango huo. Mimi siudharau, na wazee wa hapa Boise wanajua kwa nini. Msimu wa 2006 Boise State ilishinda mechi zote 13. Ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Januari 2007 kule Arizona, dhidi ya Oklahoma, 43-42 katika muda wa nyongeza. Jirani yangu, mzee mstaafu, amenisimulia zile alama mbili za mwisho mara nyingi sana, na kila mara anasimama kunionyesha: kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa mpira, Jared Zabransky alirusha mkono wa kulia kama anayetupa mpira, kumbe mpira wenyewe ameuficha nyuma ya mgongo kwa mkono wa kushoto, Ian Johnson akauchukua hapo na kukimbia nao hadi ndani. Halafu Johnson akapiga goti mbele ya kamera akamposa mpenzi wake. Msimu wa 2009 tena, mechi 14, ushindi 14. Misimu miwili bila kushindwa, na yote miwili hakuna aliyewapa nafasi ya kugombea ubingwa wa taifa, kwa sababu wakati huo kura na kompyuta zilichagua timu mbili tu na basi.

Sisi watu wa Kongo tunalielewa jambo hili vizuri. Desemba 2010 TP Mazembe ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi, baada ya kuifunga Internacional ya Brazil 2-0. Kwenye fainali Inter Milan iliwapiga 3-0, sawa. Lakini Mazembe hawakufika pale kwa hisani ya mtu. Walikuwa mabingwa wa Afrika, na bingwa wa Afrika alikuwa na kiti chake. Hakuna kikao kilichokaa kuuliza kama watu wa Lubumbashi wanastahili. Boise State ya 2006 na ya 2009 haikupungukiwa uwezo, ilipungukiwa kiti.

Mwaka 2024 kiti kikapatikana, na Boise State ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya ligi ndogo kukikalia katika mfumo huu wa 12. Msimu ule sitausahau. Akina mama wa kikundi chetu cha kanisa tulikuwa tunauza chakula kwenye kibanda kimoja cha uwanjani siku za mechi, na sehemu ya mapato ilikwenda kwenye mfuko wa kikundi. Ukiwa kibandani huoni zile nyasi bandia za buluu ambazo zimeufanya uwanja wetu ujulikane tangu 1986. Unasikia tu. Upande mmoja unaita "Boise!", upande wa pili unajibu "State!", na kelele zikibadilika ghafla unajua Ashton Jeanty, mkimbiaji wetu, amepata upenyo. Kijana huyo alianza kucheza futiboli Naples, Italia, baba yake alipokuwa huko na jeshi la majini la Marekani. Msimu ule alikimbia na mpira yadi 2,601, akabakiza yadi 27 tu kuifikia rekodi ya msimu mmoja ya Barry Sanders ya 1988. Tarehe 6 Desemba, siku tulipoishinda UNLV, timu ya chuo cha Las Vegas, 21-7 kwenye fainali ya ligi, mteja mmoja aliniachia chenji yote akakimbia kurudi kwenye kiti chake kabla sijamfungia mkate.

Kamati iliipanga Boise State ya tisa, na kwa kanuni ya mwaka ule ikapewa namba tatu na kuvushwa raundi ya kwanza bila kucheza. Penn State wakatushinda 31-14 siku ya mwisho ya mwaka. Jeanty alikimbia mara 30 akapata yadi 104, wamemzingira watu kila alikogeuka. Waliosema hatukustahili, nawaomba watazame wale wengine watatu waliovuka raundi ya kwanza kama sisi: Oregon, Georgia, Arizona State. Wote walitolewa kwenye mechi yao ya kwanza.

Linalonihusu zaidi kwa swali lenu ni jinsi tulivyofika pale. Kabla ya mtoano tulikuwa tumeshindwa mara moja tu, Septemba kule Eugene, Oregon, 37-34, kwa mkwaju uliopigwa muda ukiisha. Oregon ile ile ikaja kumaliza msimu wa kawaida bila kupoteza hata mechi moja. Kwa hiyo kila wiki kamati ilipoitazama Boise State iliona timu iliyokaribia kumwangusha aliyekuwa namba moja. Kushindwa kule kulitujengea heshima kuliko ushindi wetu wa mechi tatu au nne za nyumbani, na ndiyo sababu sikubaliani na mashabiki wanaotaka Septemba tupangiwe timu nyepesi.

Halafu ukaja msimu wa 2025. Tarehe 28 Agosti, mechi ya kwanza kabisa, South Florida walitupiga 34-7 kule Tampa. Notre Dame 28-7. Fresno State 30-7, nyumbani kwetu, na humo humo kwotabeki wetu Maddux Madsen akaumia. San Diego State 17-7. Kabla ya fainali ya ligi tulishindwa mara nne, na mara zote nne tulipata alama saba. Bado tulifika fainali ya ligi, tukaishinda UNLV 38-21, tukawa mabingwa kwa mwaka wa tatu mfululizo. Nilishangilia hadi sauti ikakauka, lakini siku mbili baadaye orodha ilipotoka hatukuwemo. Tulane waliokuwa wameshindwa mara mbili waliingia. James Madison walioshindwa mara moja nao waliingia, kwa sababu bingwa wa ACC mwaka ule alikuwa Duke, mwenye mechi tano za kushindwa, na kamati haikumpanga juu yao. Yaani milango ya wadogo ilikuwa miwili kwa bahati, na bingwa wetu hakupita hata mmoja. Ohio State hawakutufungia mlango, wala Georgia. Tampa ndiko tulikoupoteza, mwezi wa nane.

Sasa 2026. Bahati kama ile ya James Madison haitarudi, maana kanuni mpya inawahakikishia nafasi mabingwa wa ligi zote nne kubwa, hata kama ni Duke wa mechi tano. Mlango ni mmoja kamili, kwa bingwa wa ligi ndogo aliyepangwa juu kuliko wenzake. Na sisi tunahama ligi. Tunaingia Pac-12 mpya pamoja na Fresno State, San Diego State, Colorado State na Utah State, tukiwakuta Oregon State na Washington State, na Texas State wakitokea upande mwingine. Timu nane kwa futiboli. Mechi za kuokota ushindi zimepungua, na hilo kamati italiona. Lakini timu nane zinazokaribiana zinaweza pia kuumizana zenyewe kwa zenyewe, na bingwa akatoka na majeraha matatu, yaani mechi tatu za kushindwa, ilhali kule kwingine yupo mwenye jeraha moja.

Jambo linalonipa matumaini halitajwi sana. Angalieni makocha wa wapinzani wetu hasa. Jon Sumrall wa Tulane amechukuliwa na Florida. Bob Chesney wa James Madison amekwenda UCLA. Alex Golesh, aliyetuadhibu kule Tampa, yuko Auburn. Ryan Silverfield ametoka Memphis kwenda Arkansas, na Eric Morris ametoka North Texas kwenda Oklahoma State. Watano, wote kutoka timu zinazogombea mlango ule ule, wamenyakuliwa na wakubwa baada ya msimu huo mmoja wa 2025. Kocha wetu, Spencer Danielson, bado yuko Boise. Kocha mpya huja na wasaidizi wapya na mtindo mpya, na wachezaji wengi humfuata kocha wa zamani anakokwenda. Timu ya namna hiyo hujipata Oktoba, na kwa hesabu hii Oktoba umeshachelewa. Roho inaniuma kwa vyuo hivyo, kwa sababu ndivyo wadogo wanavyovunwa kila mwaka, na kesho inaweza kuwa zamu yetu. Kwa mwaka huu, hata hivyo, sisi ndio tuliobaki na nyumba iliyosimama.

Mkinitaka nitaje namba, naipa Boise State nafasi moja kati ya tatu. Kwa timu yoyote ya ligi ndogo hiyo ni nafasi kubwa sana, maana mabingwa wanaoutazama mlango huo ni sita. Ili iwe hivyo inabidi tusishindwe zaidi ya mara mbili mpaka fainali ya ligi, na tukishindwa na mkubwa, tushindwe kama tulivyoshindwa Eugene, si kama tulivyoshindwa Tampa. Madsen akiwa mzima, naamini inawezekana. Bila yeye, naogopa zile alama saba.

Kijana wangu mkubwa sasa anasoma chuoni hapo hapo, na ananicheka kwa sababu nafuatilia mechi za New Orleans, kwao Tulane, na za Memphis kuliko za Columbus, kwao Ohio State. Novemba ikifika, kamati huwa inatangaza orodha yake Jumanne jioni. Nitakuwa nimetoka kazini, nimeketi na sahani yangu ya ugali na sombe, na jina la kwanza nitakalolitafuta ni la timu inayoongoza American, ligi ndogo ya akina Tulane na Memphis. Nikishajua imepangwa ya ngapi, ndipo nitashuka au kupanda kuitafuta yetu.