Namba za kadi ndani ya kaunta buku

*Assalaamu alaykum, ami. Nina duka la vikoi na viungo Mkunazini. Watalii wakisharudi kwao huniagizia tena kwa WhatsApp na kunitumia picha ya kadi, mbele na nyuma. Kijana wangu huandika namba kwenye kaunta buku ili safari nyingine tusiwasumbue. Sasa Mjerumani mmoja kadi yake imeibiwa pesa, ananituhumu mimi. Kosa langu nini, na wao wamenipa kwa hiari yao?*
Mwenye duka, Unguja

Waalaykum salaam, mwanangu. Huenda pesa zimeibiwa kupitia kwengine kabisa. Lakini kwa kaunta buku hiyo, utajitetea vipi?

Tatizo kubwa ni zile namba tatu za nyuma. Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zilizowekwa 2004 na Visa, Mastercard na wenzao, zinakataza duka kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa, hata mwenye kadi akiridhia. Ukiziandika pamoja na namba ndefu na tarehe ya kuisha, yeyote atakayefunua daftari anaweza kununua mtandaoni. Na usinijibu kwamba kijana ni mwaminifu. Sijamsema yeye, nauliza daftari linalala wapi usiku.

Kwanza ipigie benki iliyokupa mashine ya kadi, uwaeleze yote. Usichome kitu kabla yao, wasije wakasema umeficha ushahidi. Wakikuruhusu, kurasa zile zichanwe na zichomwe, picha zifutwe kwenye simu na kwenye kompyuta ya duka iliyounganishwa na WhatsApp.

Halafu waombe huduma ya linki ya malipo. Mteja hujaza namba mwenyewe kwenye ukurasa wao, wewe unaletewa taarifa kwamba pesa imeingia. Kwa hesabu zako, namba nne za mwisho kwenye risiti zatosha.

Maadamu tumo humo: Wi-Fi unayowapa wageni isiwe ile inayotumiwa na mashine. Target, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iliibiwa kadi zipatazo milioni 40 mwaka 2013, na wezi walipita kwa kampuni ya majokofu na viyoyozi iliyokuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wao! Akija mtu na begi, "nimetumwa na benki kubadilisha mashine", mpe kiti, kisha uipigie benki kwa namba uliyonayo wewe, si atakayokupa yeye.

Mjerumani mjibu leo hii. Aifunge kadi, ayapinge malipo hayo kwa benki yake, achukue kadi mpya. Na hiyo mpya akikutumia picha, ifute, umpelekee linki.