Uchafu unaonasa visulisuli: kwa mnaoanza kusoma supakondakta

Wadogo zangu mnaoanza kusoma supakondakta za halijoto ya juu (supakondakta ni kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani), wengi wenu mnakuja mkiamini kwamba fuwele ikiwa safi zaidi ndivyo inavyofaa zaidi. Kwa waya wa kubeba mkondo mkubwa ndani ya uga sumaku, fuwele isiyo na doa ni hasara tupu. Lishikeni hilo kabla hamjafungua makala hata moja.

Mwaka 1957 mwanafizikia Abrikosov alionyesha kwamba katika supakondakta za aina ya pili uga sumaku huingia ndani kwa nyuzi nyembamba, kila uzi ukizungukwa na mkondo wake. Hivyo ndivyo visulisuli vya sumaku. Kila kimoja hubeba fluksi (kiasi cha uga sumaku unaopita ndani yake) ileile, weba 2.07 × 10⁻¹⁵, na katikati yake kuna kiini ambamo usupakondakta umekufa. Ukipitisha mkondo, visulisuli husukumwa kuelekea ubavuni mwa mkondo. Vikisogea, volti inatokea, joto linazalika, na ukinzani si sifuri tena. Kinachovizuia ni kasoro. Kisulisuli hutumia nishati kuua usupakondakta kwenye kiini chake. Kikikuta mahali ambapo umeshakufa, nishati hiyo inaokolewa, nacho hakitoki pale bila kusukumwa kwa nguvu.

Chukueni kalamu. Gawanyeni tesla 1 kwa fluksi ya kisulisuli kimoja: mnapata takriban visulisuli 480 katika kila mikromita mraba, vikiachana kwa karibu nanomita 49. Kwenye YBCO, oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, kiini kina upana wa nanomita chache tu. Kwa hiyo kila mnaposoma kwamba kasoro fulani "inanasa vizuri", ulizeni ukubwa wake, idadi yake, na mahali ilipokaa. Mimi bila majibu hayo siendelei na ukurasa wa pili.

Zinki ni mfano mzuri. Atomu yake haina usumaku, na katika supakondakta za kawaida uchafu wa namna hiyo karibu hauigusi halijoto ya mpito, yaani ile ambayo chini yake usupakondakta huanza. Lakini katika oksidi za shaba zinki hukaa ndani ya tabaka zilezile zinazobeba usupakondakta, na asilimia chache tu huishusha halijoto hiyo kwa makumi ya kelvini. Ukiweka kidogo sana, unapata vituo vya kunasa. Ukizidisha, unaua ulichotaka kukilinda. Zirkoneti ya bariamu ina tabia tofauti. Haichanganyiki na YBCO, bali hujitenga. Katika filamu nyembamba inaweza kujipanga kuwa nguzo zilizosimama, zenye unene wa nanomita chache, na fuwele iliyozizunguka ikabaki hai. Kwa maoni yangu huu ndio uchafu uliofikiriwa vizuri kuliko wote. Katika vipande vinene vinavyokuzwa kwa kuyeyusha, kazi hiyo hufanywa na chembe za kijani za Y₂BaCuO₅, na kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyofaa.

Msidhani haya ni ya nchi za mbali tu. Hapa Tabora tuna wafugaji, na wahimilishaji wa ng'ombe hutunza mbegu za madume ndani ya naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, yaani kelvini 77. YBCO huwa supakondakta ikiwa bado kwenye takriban kelvini 92, kwa hiyo naitrojeni hiyohiyo inatosha. Wekeni kidonge cha YBCO kwenye bakuli la stairofomu, juu yake karatasi iliyokunjwa mara kadhaa, kisha sumaku ndogo yenye nguvu. Mimineni naitrojeni, subirini uchemkaji utulie, halafu vuteni karatasi kwa koleo. Sumaku inabaki hewani. Inueni sumaku taratibu, na kidonge kilichonasa visulisuli vizuri huinuka nayo. Madirisha yawe wazi, maana naitrojeni ikijaa chumbani inaondoa hewa ya kupumua, na msifunge kamwe chombo chake kwa kifuniko kisichopitisha hewa.

Mkirudi kwenye makala, tazameni kwanza halijoto na pembe ya uga. Nguzo hunasa vizuri uga ukielekea zinakoelekea; ukigeuzwa, ubora wake unaweza kupungua sana, wakati uga ulio sambamba na tabaka za shaba na oksijeni hunaswa na tabaka zenyewe. Grafu ya pembe moja haitoshi kutangaza ushindi. Pia angalieni mkondo ulipimwaje. Upana wa kitanzi cha usumaku (mchoro wa usumaku wa sampuli uga unapopandishwa kisha kushushwa) huonyesha mkondo unaozunguka, na katika kauri ya chembechembe huenda unazunguka ndani ya kila chembe tu, bila kuvuka mpaka kwenda chembe ya jirani. Hapo kasoro zimenasa visulisuli barabara, ila waya bado haujapatikana.