Swali la Lugha: Je, Mgonjwa "Huboreka"?

Swali: Mimi huandika taarifa za kazini. Katika taarifa moja niliandika kwamba huduma zimeboreka, mgonjwa ameboreka na tabia ya kijana mmoja imeboreka. Mkubwa wangu alizipigia mstari sentensi mbili za mwisho, akasema hazikai vizuri. Je, "kuboreka" kina visawe gani, na kila kimoja kitumike wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, mkubwa wako ana haki kabisa kuhusu mgonjwa, na kwa kiasi fulani kuhusu kijana. Kitenzi "kuboreka" kimeundwa kutokana na "bora", na maana yake ni kupanda daraja la ubora. Kwa hiyo hukubaliana na vitu ambavyo kwa kawaida tunavipima kwa ubora wake, kama vile huduma, mafunzo, makazi, mwandiko au mbinu za kazi. Mgonjwa hatumpimi hivyo. Hana ubora uliopanda. Ana maumivu yaliyopungua na nguvu zilizoanza kurudi.

Jambo la kushika ni kwamba vitenzi hivi, hata vinapoelekea maana moja ya kubadilika na kuwa vizuri zaidi, hubeba kumbukumbu ya mahali kitu kilikotoka: kama kilikuwa kibovu, dhaifu, kimevurugika, kimepotoka au kilikuwa kizuri tayari kikaongezewa. Ukijua kilikotoka, kitenzi hujichagua chenyewe mara nyingi.

Tuanze na mgonjwa, maana hapa lugha ni tajiri. Husemwa amepata nafuu au amepata ahueni, na anapokwisha kurudia afya yake husemwa amepona. Nafuu si kupona, na mwandishi wa taarifa asizichanganye, kwa sababu jamaa wanaosoma kwamba mtu wao amepona watajiandaa kumpokea nyumbani. Katika mazungumzo mtu hujibu kwa ufupi zaidi: "Leo hajambo kidogo," au "Leo afadhali." Taarifa rasmi hupenda "hali yake imeimarika", na hilo halina kasoro. Jihadhari tu na "kuzidi", kwa kuwa anayesema "hali ya mgonjwa imezidi" hatoi habari njema hata kidogo. Anamaanisha ugonjwa umepamba, na "amezidiwa" ni zaidi ya hapo.

"Kuimarika" kina eneo lake pana: nguvu na uthabiti. Uhusiano huimarika, ulinzi huimarika, sarafu huimarika mbele ya sarafu nyingine. Kitenzi hiki, hata hivyo, hakiulizi kama kinachopata nguvu ni chema au kiovu, ndiyo maana genge la wezi nalo linaweza kuimarika. "Kushamiri" ni vivyo hivyo: biashara hushamiri, na rushwa hushamiri. "Kustawi" na "kunawiri" ndivyo vilivyobaki upande wa heri, cha kwanza kwa kitu kinachokua na kushika mizizi, cha pili kwa uzuri unaoonekana kwa macho, kama uso au majani ya mmea.

Palipokuwa na vurugu tumia "kutengemaa". Nchi iliyotoka vitani hutengemaa, na maisha ya mtu aliyekuwa akihangaika hutengemaa. Kipo pia "kutengenea", ambacho siku hizi husikika kwa nadra kuliko mwanawe "kutengeneza". Binafsi naona ni hasara. Mambo yaliyokuwa yamepinda hunyooka, na mwenye bahati tunasema yamemnyookea.

Sasa kijana wako. "Tabia yake imeboreka" si kosa la sarufi, lakini ni sentensi isiyosema lolote juu ya alikotoka. Ikiwa alikuwa na makosa akayaona mwenyewe na kuyaacha, amejirudi. Ikiwa alionywa naye akatekeleza, amejirekebisha, na hiki ndicho kitenzi kinachoifaa zaidi taarifa ya kazini. "Ameongoka" kiachie aliyekuwa amepotea kwelikweli, kwani kina harufu ya dini na toba. Kukitumia kwa mtu aliyezoea kuchelewa tu ni kumtania. Usiandike "amebadilika" pekee. Kitenzi hicho kimsingi hakielemei upande wowote, lakini katika vinywa vya watu kikiachwa bila maelezo mara nyingi huwa ni lawama: "Siku hizi amebadilika."

Kuhusu huduma zako, liko jambo ambalo mkubwa wako hakuligusa. "Huduma zimeboreka" na "huduma zimeboreshwa" si sentensi moja. Kauli ya kutendeka, yenye "-eka", hutaja hali iliyofikiwa bila kumtafuta aliyeifanya, ilhali kauli ya kutendwa humwachia nafasi mtendaji: zimeboreshwa na idara fulani. Ndiyo maana "huduma zimeboreka na idara" haikubaliki. Tena idara inaweza kudai kwamba huduma zimeboreshwa, na mteja, bila kukana kwamba kazi ilifanyika, akajibu kwamba hazijaboreka.

Tahajia nayo hufuata upatanifu wa irabu: "o" ya "bora" huvuta "-eka" na "-esha", na "a" ya "imara" huvuta "-ika" na "-isha". Hivyo usiandike "kuborika" wala "kuimareka". Mwisho, vijana wana neno lao "kuboeka", lenye asili ya Kiingereza, kwa maana ya kuchoshwa na jambo lisilo na mvuto, na wapo wanaoliandika "kuboreka". Hapo msomaji wa "wanafunzi wameboreka" hawezi kujua kama wamepiga hatua au wanasinzia. Kwa maana hiyo ya pili, katika maandishi rasmi, andika kwamba wamechoshwa.