Hewa hiyo unaimeza, mwanangu

Tukuyu

Mwanangu,

Ugonile. Salamu yetu hiyo ya Kinyakyusa ni kuulizana kama mtu amelala, na leo naiuliza kwa maana yake kamili. Unasema hii ni wiki ya tatu tangu uanze kulala na mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa kooni kupitia barakoa ili pumzi isikatike usingizini. Kukoroma kumekwisha na mkeo anapata usingizi, lakini kila alfajiri unaamka tumbo limewamba kama ngoma, mdomo umekauka, halafu unabeua na kutoa upepo mpaka saa nne. Unauliza kama uiache. Usiiache, baba. Jambo hili linawapata wengi wanaotumia mashine, na mara nyingi linarekebishika.

Kwanza elewa hewa inapitaje. Koromeo ni njia panda: mbele kuna njia ya mapafu, nyuma kuna umio unaoshuka tumboni. Umio una vilango viwili vya misuli, kimoja juu na kingine chini. Mashine inajaza hewa hapo kwenye njia panda ili koo lisilegee na kuziba. Msukumo wake hupimwa kwa sentimita za maji, kwa hiyo ile 13.6 uliyoiona kwenye kioo cha mashine ni sawa na msukumo wa maji yenye kina cha sentimita 13 na ushee. Ni mdogo. Kilango kilichofunga sawasawa kwa kawaida huuzuia. Lakini kila unapomeza mate kilango cha juu hufunguka kidogo, na hewa iliyokuwa imesimama mlangoni inaingia. Cha chini nacho hulegea chenyewe mara kwa mara, hasa kwa mtu mwenye kiungulia. Kwa hiyo tutafute mambo mawili: nini kinakufanya umeze mara nyingi usiku, na kwa nini presha ya mashine, yaani huo msukumo, inapanda hadi hapo.

Namba ulizonitumia zinasema mengi. AHI yako ni 3, maana yake pumzi inakatika au kupungua mara 3 kwa saa. Chini ya 5 ndiko tunakotaka, kwa hiyo tiba yenyewe inafanya kazi. Presha ya asilimia 95 ni 13.6, yaani sehemu kubwa ya usiku ulikuwa kwenye kiwango hicho au chini yake. Ila uvujaji umefika lita 38 kwa dakika, wakati mashine za ResMed kama yako huhesabu kuwa umezidi ukivuka lita 24. Hapo ndipo pa kuanzia. Barakoa yako ni ya pua peke yake, na mdomo unaamka mkavu. Hewa inaingia puani na kutokea mdomoni. Mdomo ukikauka unatafuta mate, unameza, na kila mezo linabeba hewa. Zaidi ya hapo, uvujaji mkubwa unaichanganya mashine inayojipangia presha yenyewe, ishindwe kusoma pumzi zako vizuri.

Anza na pua. Mtu ambaye pua imeziba hafungi mdomo hata umsihi vipi. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, pima kikombe cha mililita 240 utie robo kijiko cha chai cha chumvi, isiyo na madini joto ukiipata. Osha pua kila upande, nusu saa kabla ya kulala. Usitumie maji ya bomba ambayo hayajachemshwa. Kama pua inaziba wiki nzima licha ya hayo, mwone daktari wa pua, koo na masikio. Zile dawa za matone za kuzibua pua haraka usizizidishe siku tatu, maana ukizizoea pua inaziba zaidi.

Kisha barakoa. Mikanda ikaze ukiwa umelala na mashine inapuliza, siyo ukiwa umeketi kitandani, kwa sababu uso hubadilika umbo ukilala. Kukaza sana nako kunavujisha: kile kimto laini kinajikunja kikose kushika ngozi. Kioshe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Na huko Mafinga najua baridi inawafanya mjipake mafuta ya mgando usoni usiku. Yasifike kabisa mahali barakoa inapokaa, inateleza. Mdomo ukiendelea kufunguka, jaribu mkanda wa kidevu, au omba barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja. Habari za kuziba mdomo kwa plasta usizifuate. Ukitapika usingizini au pua ikiziba, plasta inakuwa hatari.

Presha yenyewe ni kazi ya daktari aliyekupangia, usiingie kwenye mipangilio iliyofichwa ukaanza kubonyeza. Lakini nenda na maswali. Mashine yako iko wazi kutoka 4 hadi 20, jinsi ilivyotoka kiwandani. Watu wengi hudhani tumbo likijaa dawa ni kushusha tu. Hapana. Ile 4 ya chini kwa mtu mzima mara nyingi ni ndogo mno, unahisi hewa haitoshi, unavuta kwa pupa na kumeza. Muulize kama inafaa kupandisha ya chini ifike 6 au 7, na ya juu iwekewe kikomo karibu na kiwango unachohitaji kweli baada ya uvujaji kutengenezwa. Muulize pia kuhusu kile kipunguza presha wakati wa kutoa pumzi, chenye hatua 1 hadi 3. Kikiwa 3, unavuta kwa 13 na kutoa kwa 10, na umio unapumzika. Gharama yake ni kwamba AHI inaweza kupanda, kwa hiyo lazima muiangalie. Yote hayo yakishindikana, zipo mashine za presha mbili, ya kuvuta na ya kutoa, zenye tofauti kubwa zaidi. Lakini hujafika huko.

Kulala chali kunalegeza koo na kuifanya mashine ipandishe presha. Lala ubavu, na wa kushoto ni bora kwa kiungulia. Kichwa cha kitanda kiinuliwe sentimita 15 kwa kuweka vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kichwani. Mafinga hamkosi vipande vya paina. Usirundike mito: inakunja shingo, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inabanwa, na kiuno kikikunjika tumbo nalo linabanwa.

Chakula cha usiku kiwe saa moja kama unalala saa nne. Maharage na kabichi ule mchana. Soda usiku acha kabisa. Na ulanzi, mwanangu, najua ni msimu wake, lakini unakuja na gesi yake, na pombe yoyote inalegeza koo na kile kilango cha chini kwa pamoja.

Baridi ina vituko vyake. Mwezi wa sita na wa saba mvuke wa kitangi cha maji unageuka matone ndani ya mpira, yanabwabwaja, unaamka na kumeza. Pitisha mpira chini ya blanketi, weka mashine chini kuliko kitanda ili maji yarudi kitangini, na punguza unyevu hatua moja. Usiuzime kabisa, utarudi kwenye mdomo mkavu. Kitangini tia maji yaliyotoneshwa ya duka la dawa, ukiyakosa tia yaliyochemshwa na kupoa, ila utaona chokaa mapema. Maji ya betri usiyaguse.

Ukishtuka usiku tumbo limebana, vua barakoa, zima mashine, keti wima dakika 10 au 15 ubeue, kisha washa upya, ianze polepole kutoka presha ya chini. Asubuhi piga magoti, shusha kifua kitandani, makalio juu, dakika 5, halafu tembea. Upepo utatafuta njia. Vidonge vya simethikoni vinakusanya mapovu ili yatoke kwa urahisi, lakini havikuzuii kumeza, na mfamasia atakueleza kipimo. Magadi na zile unga zinazochemka kwenye glasi acha: zinatoa gesi zaidi humo humo tumboni. Mkaa wa dawa nao unanyonya dawa nyingine unazomeza, na wewe una za presha ya damu.

Tumbo likiwa gumu na kuuma sana, ukitapika mfululizo, ukikosa kabisa kutoa upepo na choo, ukipata choo cheusi, au kifua kikiuma na pumzi kubana, hiyo siyo hewa ya mashine ya kungoja asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.

Usibadilishe kila kitu kwa mkupuo, hutajua kilichosaidia. Wiki hii shughulika na pua na barakoa tu, usiku 5 mfululizo. Kila asubuhi niandikie uvujaji, presha ya asilimia 95 na AHI, na tumbo ulipe alama kutoka 0 hadi 10. Uvujaji ukishuka chini ya 24 na tumbo bado limewamba, zile namba zichukue uende nazo kwa daktari, tuzungumze habari ya presha.

Msalimie mkwe wangu na watoto.

Mama yako